Majibu ya Damu Yaliniambia Kaka Yuko Salama

(Hotuba ya mwanachama wetu, mtaalamu wa maabara mstaafu, aliyoitoa kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama, nyumbani, mwezi Desemba. Tunaichapa kwa ombi la wanachama, kwa kuwa ndiyo iliyobadili kifungu cha afya katika bajeti ya harambee.)

Bwana Mwenyekiti, viongozi wetu wa dini, wazee wetu, mama zetu, wanachama mliotoka Dar es Salaam, Arusha, Tanga na kwingineko, na ninyi mliobaki nyumbani mkitutunzia migomba na makaburi: Poleni na safari. Waliopanda jana kutoka Mwanga mjini na mvua ile wanajua kwa nini nawapa pole ya barabara kabla ya pole nyingine yoyote.

Naomba radhi mara mbili kabla sijaanza. Radhi ya kwanza ni kwa wakwe zangu waliomo humu ndani. Nitazungumza habari za haja kubwa, tena kwa kirefu, na hakuna namna ya kuzunguka. Anayeona aibu aangalie chini, lakini asizibe masikio.

Radhi ya pili ni kwa kamati ya afya. Kamati iliniita nije kuunga mkono ununuzi wa mashine ya kupima viashiria vya saratani kwenye damu. Mpango ni kwamba mashine iwekwe kwenye kituo chetu cha afya, na kila Desemba tukirudi nyumbani kila mtu mzima apimwe, aambiwe ana kansa au hana. Bei mmeiona kwenye ukurasa wa bajeti. Nilikubali mwaliko, ila sikuja kuunga mkono. Nimekuja kuwaomba fedha ile inunue kitu kingine. Nikimaliza mnaweza kunipinga. Sisi Wapare hatujawahi kuogopa kesi.

Kaka yangu mkubwa wengi mlimfahamu. Alikuwa fundi mwashi, na nyumba nyingi za kata hii kuta zake zilipita mikononi mwake. Mwaka 2016 alikuja Dar es Salaam kwenye harusi ya binti yangu. Alikuwa na miaka 58. Usiku mmoja tumekaa barazani akaniambia, "Mdogo wangu, siku hizi mlima umerefuka. Nikitoka sokoni napumzika mara tatu kabla ya kufika nyumbani." Mimi ni mtu wa maabara, nimeshika darubini na mirija ya damu zaidi ya miaka 30. Nikamwambia asihangaike, kesho tunapima kila kitu.

Nikampeleka kwenye maabara moja binafsi niliyokuwa na marafiki. Vipimo nilivichagua mimi mwenyewe. Nikaandika picha nzima ya damu, sukari, ini, figo, na kwa kuwa nilitaka kumfanyia kaka jambo la heshima nikaongeza viashiria vya saratani: PSA kwa ajili ya tezi dume, na CEA kwa ajili ya utumbo mpana. Jioni majibu yakatoka. CEA ilisoma nanogramu 2.6 kwa mililita, na mpaka wa kawaida ulioandikwa pembeni ulikuwa 5. PSA nayo ilikuwa nzuri. Nikampigia simu kwa furaha: "Kaka, kansa huna."

Kwenye karatasi hiyohiyo, mistari michache juu, wingi wa damu ulikuwa 9.4. Mwanaume mzima anatakiwa awe na 13 au zaidi. Chembe nyekundu zake zilikuwa ndogo kuliko kawaida, alama ya mtu aliyeishiwa madini ya chuma. Niliuona mstari ule. Nilimwambia damu imepungua kidogo, nikamnunulia vidonge vya kuongeza damu, nikamwambia ale mchicha na maini. Sikujiuliza swali ambalo ningemuuliza mwanafunzi wangu yeyote: mwanaume wa miaka 58 asiyepata hedhi, asiye na jeraha, damu yake inakwenda wapi?

Kaka alirudi nyumbani na ile karatasi ameikunja ndani ya Kurani yake. Shemeji aliniambia baadaye kwamba miezi michache baada ya harusi alianza kuona damu chooni. Alipomwambia aende hospitali, kaka alimjibu kuwa ni bawasiri tu, kansa mdogo wake alishampima Dar es Salaam. Alikuwa anatoa karatasi na kumwonyesha. Miezi 14 baada ya vipimo vile tumbo lilivimba, choo kikakata kabisa, akashushwa Moshi usiku na kupasuliwa. Uvimbe ulikuwa kwenye utumbo mpana na ulikwishafika kwenye ini. Siku hiyo CEA yake ilisoma zaidi ya 140. Kipimo kilikuja kusema kweli wakati ambapo kila mtu aliyemtazama aliiona kweli hiyo bila kipimo. Alituacha baada ya miezi 9.

Sasa niwaeleze kitu hiki CEA ni nini, kwa sababu mashine iliyopendekezwa ndicho inachopima.

Mwaka 1965, mjini Montreal nchini Kanada, watafiti wawili, Phil Gold na Samuel Freedman, walichukua nyama ya saratani ya utumbo mpana wakailinganisha na nyama nzima ya utumbo wa mgonjwa yuleyule. Kwenye saratani wakakuta protini ambayo kwenye nyama nzima hawakuiona. Wakaikuta pia kwenye utumbo wa mtoto aliye tumboni mwa mama. Ni kama kitu ambacho mwili hukitengeneza kwa wingi mtoto anapoumbwa, kisha unakiweka kando, na saratani inakifufua. Herufi hizo tatu ndizo kifupi cha jina walilokipa. Mwaka 1969 kundi lao lilitangaza kwamba kipimo cha damu kilikiona kitu hicho kwa wagonjwa 35 kati ya 36 wa saratani ya utumbo mpana. Dunia ilishangilia. Watu walidhani tone la damu limemaliza kazi.

Halafu wengine wakapima wagonjwa wa kila aina, hata wale ambao saratani yao ni changa, na shangwe ikapungua. Saratani changa, ambayo bado iko ndani ya ukuta wa utumbo, mara nyingi haimwagi protini hiyo ya kutosha kwenye damu. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wa hatua ya kwanza CEA yao ni ya kawaida kabisa, kama ya kaka. Nao ndio hasa tunaowatafuta, maana ndio wanaopona. Kwa takwimu za Marekani, saratani ya utumbo mpana ikikutwa ingali mahali ilipoanzia, watu karibu 9 kati ya 10 wanakuwa hai baada ya miaka 5. Ikishasambaa kwenye viungo vya mbali, hawafiki 2 kati ya 10.

Upande wa pili nao una matatizo. CEA inapanda kwa mvuta sigara ambaye hana kansa yoyote. Inapanda kwa ugonjwa wa ini, kwa kongosho lililovimba, kwa vidonda na uvimbe wa utumbo, kwa baadhi ya magonjwa ya mapafu. Inapanda kwa saratani nyingine pia, za tumbo, matiti, mapafu na kongosho, kwa hiyo ikipanda haikuambii uanzie wapi kutafuta.

Hebu tuichukulie Desemba yetu. Namba hizi ni za mfano tu, si utafiti. Tuseme tumepima watu 400 wazima pale kituoni, na kati yao wawili wana saratani changa ya utumbo mpana bila kujua. Mashine inaweza kumwona mmoja, au isimwone hata mmoja. Wale isiowaona tunawapa karatasi za kuwaambia wako salama, nao wanazikunja na kuziweka kama kaka. Tuseme wengine 20 wamezidi 5, kwa sababu ya sigara, ya ini au ya sababu isiyojulikana. Hao 20 hawatalala. Watauza mbuzi, watashuka Moshi, watapigwa picha za tumbo na kifua, watarudi Januari na deni la ada za shule halijalipwa, na wengi wao hawana kitu. Mnaona tumenunua nini? Tumenunua faraja ya uongo kwa wagonjwa na hofu ya uongo kwa wazima.

Sijaigusa mashine yenyewe kama chombo, lakini nimeishi na mashine za namna hii maisha yangu yote. Vitendanishi vyake vinakaa kwenye baridi, na vikishafunguliwa vina wiki chache tu za matumizi. Kila asubuhi kabla ya kumpima mtu lazima uipime mashine yenyewe kwa sampuli za kuhakiki. Umeme wetu mnaujua. Baada ya Desemba mbili mashine itafunikwa kitambaa, pembeni ya ile ya picha tuliyochangia zamani, ambayo sitaki kuikumbusha leo.

Kuna mjumbe aliniuliza jana usiku pale kwenye moto: je, wazungu nao hawapimi damu? Kijana wetu aliye Marekani alituma kwenye kundi la WhatsApp habari ya kipimo kipya cha damu. Ni kweli kipo. Kinaitwa Shield, na kiliidhinishwa huko Julai 2024. Hicho si CEA. Kinatafuta vipande vya vinasaba vilivyodondoka kwenye damu kutoka kwenye uvimbe. Kwenye utafiti uliotumika kukiidhinisha kiliona takriban asilimia 83 ya saratani za utumbo mpana. Ni maendeleo makubwa, nami nafurahi nimeishi kuyaona. Lakini vile vinyama vikubwa vya hatari vilivyo karibu kugeuka saratani kiliona asilimia 13 tu. Na vinyama ndiyo habari yenyewe.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Saratani hii kwa kawaida haianzi kama saratani. Inaanza kama kinyama kidogo ndani ya utumbo, wataalamu wanakiita polipu, kinachoota kama uyoga kwenye gogo. Vingi havina madhara. Vichache, polepole, mara nyingi kwa miaka 10 au zaidi, vinageuka. Miaka 10, ndugu zangu! Ni magonjwa machache ya kuua yanayokupa taarifa ya muda mrefu hivyo. Kaka aliposimamisha nyumba ya mwenyekiti wetu huenda kile kinyama kilikuwa kimeshaota, na siku ile kingekatwa kwa dakika chache, bila kisu, bila mshono.

Kinyama kikikua kinakwaruzwa na choo kinapopita, kinavuja damu. Damu hiyo mara nyingi ni kidogo mno, jicho haliioni. Kwa hiyo kipimo rahisi cha kuwahi ugonjwa huu hakitafuti kitu kwenye mshipa wa mkono. Kinatafuta damu kwenye choo kikubwa.

Kipimo cha zamani cha aina hiyo kilikuwa na usumbufu: mtu alitakiwa asile nyama nyekundu siku kadhaa, maana kilichanganya damu ya ng'ombe na ya binadamu. Hebu mwambieni Mpare aliyekuja likizo asile nyama Desemba. Hata hivyo kipimo hichohicho cha zamani kilifanyiwa majaribio makubwa jimbo la Minnesota, Marekani, kwa watu 46,551 wa miaka 50 hadi 80. Matokeo yalitoka mwaka 1993: waliopimwa kila mwaka, na waliokutwa na damu wakachunguzwa utumbo, vifo vyao vya saratani hii vilipungua kwa theluthi moja katika miaka 13.

Kipimo cha sasa, kinachoitwa FIT, kinatambua damu ya binadamu peke yake. Kula nyama yako. Unapewa kichupa chenye kijiti, unachokoa kinyesi kidogo sehemu kadhaa, unarudisha kijiti kwenye kichupa, unafunga. Kuna cha aina ya kisahani kinachosoma mistari kama kipimo cha malaria, na kijana yeyote wa maabara ya kituo chetu anakisoma bila mashine. Kina adui mmoja, joto. Kichupa kikilala kwenye jua au juu ya bati siku mbili, damu iliyomo inaharibika na kipimo kinasema hakuna. Sisi wa milimani tuna ubaridi wetu, lakini bado nataka vichupa virudi siku ileile, ndani ya boksi la baridi kama la chanjo.

Sitaki nirudie kosa langu kwa jina jipya, kwa hiyo nawaambia na udhaifu wake. FIT ya mara moja inaona takriban saratani 3 kati ya 4. Kinyama hakivuji kila siku. Ndiyo maana kinarudiwa kila mwaka, na ndiyo maana ni cha mtu asiye na dalili. Mwenye dalili asipime FIT akakaa. Mtu anayeona damu chooni, au aliyebadilika choo kwa wiki kadhaa, leo anaharisha kesho amefunga, au anayekonda bila sababu, au tumbo linamkata kila siku, huyo aende moja kwa moja kwa daktari, hata kama kipimo cha mwaka jana kilikuwa kizuri. Na mwanaume yeyote, au mama aliyekoma hedhi, anayeambiwa damu imepungua kwa kukosa madini ya chuma, akipewa vidonge na kuambiwa aende nyumbani, nawaomba asiondoke kwenye kile kiti. Aulize: inatokea wapi? Inawezekana ni safura, minyoo ile inanyonya damu kweli. Inawezekana ni kidonda cha tumbo. Bawasiri nayo ipo na ni ya watu wengi. Lakini bawasiri inatakiwa ionwe na daktari, isitajwe tu na mgonjwa mwenyewe akiwa amesimama mlangoni.

Akikutwa na damu kwenye FIT, hatua inayofuata ni kuangaliwa utumbo kwa mpira mwembamba wenye kamera, kolonoskopia. Kwa huku kwetu ni KCMC Moshi, kwa walio Dar es Salaam ni Muhimbili na kwingineko. Najua mnachowaza wanaume. Nilikiwaza pia. Baada ya msiba wa kaka, daktari aliniambia kuwa ndugu wa tumbo moja na watoto wa mgonjwa wana hatari kubwa kuliko watu wengine, na hao hawaanzi na FIT, wanakwenda kwenye kamera tangu miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yao aliugulia, kutegemea ni ipi inayotangulia. Mimi nilikuwa na 55. Nikajizungusha miezi 5 nikitafuta visingizio.

Kilichonitesa ni usiku wa kabla yake, siyo kipimo. Unakunywa dawa ya kuharisha, lita kwa lita, mpaka kinachotoka ni maji meupe. Sikutoka nje ya uwanja wa nyumba. Asubuhi nikachomwa sindano ya usingizi, nikaamka naulizwa kama nataka chai. Walikuta vinyama viwili, wakavikata palepale, na majibu yalionyesha kuwa kimoja kilikuwa cha aina inayoweza kugeuka. Mdogo wetu wa kike alikwenda baada yangu, hakukutwa na kitu. Watoto wa kaka wawili wameshakwenda. Wa tatu yuko humu ndani, ananiangalia hivi sasa, na anajua ahadi aliyonipa.

Isije mkaondoka mkisema nimekitukana kipimo cha CEA. Kina kazi yake na ni kazi nzuri. Mtu akishagundulika, kinapimwa kabla ya upasuaji ili ijulikane kilianzia wapi. Akishakatwa uvimbe kinatakiwa kishuke. Kisha kinarudiwa kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2 ya mwanzo, halafu kila miezi 6 hadi itimie miaka 5. Kikianza kupanda tena, madaktari wanatafuta mapema wapi ugonjwa umerudi, na wengine wanawahiwa kwenye ini doa likiwa bado moja na linakatika. Hapo namba moja haina maana, maana iko kwenye safari ya namba. Tena zipimwe maabara ileile, kwa sababu mashine mbili tofauti zinaweza kusoma damu moja tofauti ukadhani ugonjwa umerudi. Tunao kwenye kata yetu watu waliopasuliwa na wako salama. Hao nauli ya kwenda kupima CEA tuwachangie bila kujadiliana.

Sasa ombi langu, Bwana Mwenyekiti. Fedha ya mashine igawanywe hivi. Sehemu ndogo inunue vichupa vya FIT vya kutosha kila mwanachama na kila mkazi wa kata kuanzia miaka 45, mwanaume na mwanamke, kwa mwaka mmoja wa kwanza. Nasema 45 kwa sababu Marekani walishusha umri kutoka 50 mwaka 2021, baada ya kuona ugonjwa unawapata vijana zaidi. Yule mwigizaji wa filamu ya Black Panther ambaye watoto wetu walimpenda, Chadwick Boseman, aliondoka na saratani hii mwaka 2020 akiwa na miaka 43. Sehemu nyingine iende kwenye kipimo cha wingi wa damu, ambacho kituo chetu kinacho tayari, kinakosa vifaa tu.

Sehemu kubwa kuliko zote iwe mfuko wa Moshi. Hapa ndipo mipango mingi ya kupima inapofia. Ukimwambia bibi wa miaka 66 kuwa choo chake kina damu, kisha ukamwacha atafute mwenyewe nauli, malazi, dawa ya kusafisha tumbo na gharama ya kamera, umemwonea. Wengi wao hawana bima. Afadhali usingempima. Naomba kamati isipime mtu hata mmoja kabla fedha ya mfuko huo haijakaa benki, na kabla hatujakubaliana kwa maandishi na hospitali siku ambazo watu wetu watapokelewa. Kila atakayekutwa na damu apewe mtu wa kumsindikiza. Mimi nimestaafu, nina muda, na barabara ya Moshi nimeizoea. Nitawasindikiza wa kwanza.

Fomu za familia ziko meza ya mlangoni, kwa katibu. Andikeni tu kama mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto wenu aliwahi kuugua saratani ya utumbo, na alikuwa na umri gani. Hatutaisoma hadharani. Hao tutawaita kwanza.

Ile karatasi ya mwaka 2016 ninayo hapa mfukoni. Shemeji alinipa baada ya arobaini. Nitaiacha pale mezani pembeni ya fomu, jina nimelifunika. Atakayepita auangalie mstari wa 2.6, kisha apandishe macho kwenye mstari wa 9.4.

Mfuko wa Moshi naufungua mimi mwenyewe kwa shilingi laki tano, taslimu, katibu ahesabu. Bwana Mwenyekiti, kipaza sauti hiki hapa.